Kwa wakubwa wa kikapu cha vyuo: karatasi zetu ziko wapi?

Kwenu viongozi mnaosimamia michezo katika vyuo vyetu vya Tanzania, na ninyi mnaoendesha mpira wa kikapu nchini,

Yah: KARATASI ZA MECHI

Salaam sana. Mimi si kiongozi wala mwandishi wa habari. Nilicheza kikapu chuoni, nafasi ya namba moja, yaani mchezeshaji, mfupi kuliko wote kikosini, na siku hizi wikiendi hukaa mezani kwenye viwanja vya hapa Dar: naandika pointi, nahesabu faulo, nabonyeza honi. Nimeamua kuwaandikia hadharani kwa sababu ya swali la mwanangu ambalo nimehangaika nalo miezi miwili sasa. Aliniuliza, "Baba, ile fainali yenu ya vyuo mlishinda ngapi kwa ngapi?"

Najua tulishinda. Mimi nakumbuka 61 kwa 58. Mwenzangu aliyekuwa senta anaapa ni 63 kwa 60. Na mmoja wa wapinzani wetu wa siku ile, ambaye siku hizi ni rafiki yangu wa karibu na tunachangiana harusi na misiba, anasema hatukushinda kabisa: mtupo wetu wa mwisho ulitoka mkononi baada ya honi, mwamuzi akaona aibu kuukataa mbele ya mashabiki wetu. Ilikuwa Machi 2009. Uwanja ulijaa, wengine walipanda miti. Leo hakuna hata mmoja wetu anayeweza kutoa ushahidi.

Sasa nisikilizeni. Mwezi huohuo wa Machi 2009 kuna kijana mwingine wa Dar es Salaam alikuwa anacheza kikapu cha chuo, mbali sana na hapa, kwenye baridi. Huyo mechi zake naweza kuwatajia moja moja, matokeo, tarehe, ribaundi (mipira aliyodaka baada ya mtupo kukosa), hata saa mechi ilipokwisha. Ni Hashim Thabit Manka, ambaye Wamarekani wanamwandika Hasheem Thabeet, nadhani ili wasije wakamwita Tabiti. Chuo chake ni Chuo Kikuu cha Connecticut, wenyewe hufupisha UConn. Kinachonikera ni kwamba mimi niliyecheza fainali sijui matokeo yake, lakini najua ya Storrs, Connecticut, kilipo chuo hicho, ambako sijawahi kukanyaga.

Hashim alizaliwa tarehe 16 Februari 1987. Kikapu alikianza akiwa kijana wa miaka kama 15, umri ambao wenzake wa kule wamekwisha kucheza mamia ya mechi. Alipofika UConn mwaka 2006 alikuwa na futi 7 na inchi 3, sawa na mita 2.21, na mengine yote ilibidi afundishwe. Kwetu habari yake huanzia na kuishia kwenye urefu. Nenda kijiwe chochote cha kikapu, utasikia "yule alikuwa mrefu tu." Basi someni kumbukumbu za chuo chake muone kama urefu unaeleza yote.

Msimu wake wa kwanza, 2006-07, timu ilishinda mechi 17 ikafungwa 14, na wenzao walipokwenda kwenye mashindano ya taifa ya mwezi Machi wao walibaki nyumbani. Msimu wa pili, ushindi 24, vipigo 9. Safari hii walikwenda, wakatolewa raundi ya kwanza na San Diego, 70 kwa 69, baada ya muda wa nyongeza, na mchezeshaji wao tegemeo, A.J. Price, akaumia goti katika mechi hiyohiyo. Msimu wa tatu ukawa ushindi 31, vipigo 5. Urefu wa Hashim ulikuwa uleule miaka yote mitatu. Kilichobadilika kimeandikwa pembeni ya jina lake: msimu huo wa 2008-09 alikuwa na wastani wa pointi 13.6, ribaundi 10.8 na mitupo 4.2 iliyozuiwa kwa kila mechi. Mwishoni mwa Januari 2009 walicheza na Providence akapata pointi 15, ribaundi 11, na akazuia mitupo 10. Kumi! Mimi chuoni kwangu kuna senta aliyewahi kuzuia mitupo mingi namna hiyo katika mechi moja, niliiona kwa macho yangu, lakini nikisema nane mtu atasema tano, na sote wawili tutakuwa tunabahatisha.

Vipigo vile vitano navyo nawatajia: Georgetown mara moja, Pittsburgh mara mbili, Syracuse, kisha Michigan State. Cha kwanza cha Pittsburgh ndicho ninachokipenda, ingawa kilimuumiza ndugu yetu. Ilikuwa tarehe 16 Februari 2009, mjini Hartford, siku Hashim anatimiza miaka 22. UConn ndiyo iliyokuwa namba moja nchini Marekani. Upande wa pili alisimama DeJuan Blair, mfupi kwake kwa zaidi ya futi nusu lakini mnene wa mabega kama mchukuzi wa bandarini. Wakagombea ribaundi, mikono ikafungamana, na Blair akambeba Hashim juu ya bega akambwaga sakafuni kama gunia la mkaa. Jioni hiyo Blair alipata pointi 22 na ribaundi 23. Hashim pointi 5, ribaundi 4. Pittsburgh 76, UConn 68. Mwisho wa msimu makocha wa ligi yao, Big East, waliwapa wote wawili tuzo ya mchezaji bora wa mwaka, wagawane. Walifikiaje uamuzi huo? Walikuwa na karatasi mbele yao, za mechi zote, si za usiku ule mmoja tu.

Halafu Syracuse. Hii niliifuatilia mwenyewe, kwa namna yake. Chuoni kwetu palikuwa na chumba cha kompyuta kilichofunguliwa saa moja na nusu asubuhi, na mtu akiwahi alipata mashine iliyo karibu na feni. Tarehe 13 Machi nikawahi nione tu matokeo ya robo fainali ya Big East, maana kwao ilianza usiku wa tarehe 12 pale Madison Square Garden, New York, na kwa hesabu yangu ilikwisha zamani. Ukurasa ukafunguka pole pole, kama kawaida ya intaneti ya enzi zile. Mechi bado inaendelea. Nikadhani mtandao umeganda. Nikafunga, nikafungua. Alama zimepanda. Muda wa nyongeza, na kwenye kisanduku kile pembeni yake pameandikwa namba ambayo sikuwahi kuiona. Nikamwita aliyekuwa karibu nami, mtu wa uhasibu asiyejua kikapu, naye akaanza kuhesabu.

Walikwenda vipindi sita vya nyongeza. Dakika 40 za kawaida zilikwisha 71 kwa 71, baada ya waamuzi kuangalia picha na kulifuta goli la Eric Devendorf wa Syracuse ambalo kila mtu ukumbini aliamini limeamua mechi. Katika vipindi vitano vya kwanza vya nyongeza Syracuse hawakuongoza hata mara moja. Waliongoza cha sita, wakashinda 127 kwa 117. Jonny Flynn wao alicheza dakika 67 kati ya 70. Hashim alikuwa amekwisha kutolewa kwa faulo tano, anaangalia akiwa benchi. Kwao ilikuwa saa saba na dakika 22 usiku. Kwetu saa mbili na dakika 22 asubuhi, na mimi nimekosa kipindi cha takwimu. Mwalimu akaniuliza nilikuwa wapi. Nikamwambia nilikuwa nasoma takwimu. Hakucheka.

Ona basi: goli la Devendorf, lililofutwa, limeandikwa kwamba lilifutwa, na kwa nini. Fainali yetu iliamuliwa na mtupo wa namna hiyohiyo, ndani ya majuma hayohayo.

Wiki chache baadaye UConn walifika hatua ya timu nne za mwisho, Detroit. Njiani waliwafunga Chattanooga 103 kwa 47, siku ambayo kocha Jim Calhoun alikuwa mgonjwa na msaidizi wake George Blaney akashika benchi; wakawapita Texas A&M, Purdue na Missouri. Kisha wakakutana na Michigan State, ambao ni kama walikuwa nyumbani, mbele ya watu zaidi ya 72,000, wakafungwa 82 kwa 73. Juni mwaka huo Hashim akachaguliwa wa pili katika usajili wa NBA, ligi kuu ya kulipwa ya Marekani, akimfuata Blake Griffin, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Ya huko NBA sina la kuongeza, mmeshayasema sana, mengine kwa kejeli. Chuoni kwake jina lake lipo kwenye orodha ya wazuiaji wa wakati wote, zaidi ya mitupo 400 katika miaka mitatu, nyuma ya Emeka Okafor, na halitafutika kwa sababu eti huko mbele mambo hayakumwendea.

Mtasema, bwana we, hao ni Wamarekani, wana fedha. Sawa. Hebu twende mwanzo wao.

Chuo kile kilianza mwaka 1881 kama shule ya kilimo. Ndugu wawili, Charles na Augustus Storrs, walitoa shamba na fedha kidogo, vijana wakaja kujifunza kulima na kufuga. Mpaka leo ng'ombe wa chuo wapo na aiskrimu yao inauzwa palepale chuoni. Kikapu walikianza msimu wa 1900-01. Na msimu huo, waheshimiwa, kumbukumbu zao zinaonyesha mechi moja. Moja tu. Walishinda. Imeandikwa ushindi 1, vipigo 0. Hawakuwa na kocha, na sehemu ya kocha imeachwa hivyo, hakuna aliyebandika jina la mtu ili ipendeze. Wakati huo hapakuwa na televisheni, wala udhamini, wala NBA. Palikuwa na kalamu na mtu wa kuishika. Karatasi ile haikugharimu zaidi ya yetu.

Na kwa miaka mingi walikuwa timu ya mtaani kwao tu. Hugh Greer aliwafundisha tangu 1946 hadi 1963 wakawa wanatamba New England, nje ya hapo hakuna aliyewajali. Mwaka 1979 ligi ya Big East ilipoanzishwa, wao walikuwamo, wakawa wanapigwa na wakubwa wa miji, Georgetown, St. John's na Syracuse. Calhoun alikuja mwaka 1986. Msimu wake wa kwanza: ushindi 9, vipigo 19. Fikirieni kocha mpya hapa kwetu akianza hivyo, angefika Krismasi? Wao walimwacha. Mwaka 1988 akachukua NIT, kombe la wale wasioitwa kwenye mashindano makubwa. Januari 1990 wakafungua ukumbi wao wa Gampel pale Storrs, na Machi mwaka huohuo, wakiwa nyuma kwa pointi moja dhidi ya Clemson na sekunde moja imebaki, Scott Burrell alirusha mpira toka upande mmoja wa uwanja hadi wa pili, Tate George akaudaka, akageuka, akatupa. 71 kwa 70. Siku mbili baadaye Duke nao wakawatoa namna ileile, kwa mtupo wa Christian Laettner, 79 kwa 78. Yote mawili yapo, la furaha na la msiba.

Ubingwa wa taifa walioutafuta tangu shamba lile likiwa shamba waliupata mwaka 1999, walipowafunga Duke haohao 77 kwa 74, Richard Hamilton akiweka pointi 27. Ukafuata wa 2004 akiwapo Okafor, ambaye baba yake anatoka Nigeria. Usiku uliofuata akina dada wa chuo hichohicho nao wakawa mabingwa. Mwaka 2011 Kemba Walker aliiburuza timu iliyomaliza ya tisa kwenye ligi yake: mechi tano kwa siku tano pale New York, zote ushindi, kisha sita nyingine hadi ubingwa. Mwaka 2014 wakachukua tena, chini ya Kevin Ollie, kwa kuwafunga Kentucky 60 kwa 54.

Hapa ningependa tukae kidogo kwenye aibu zao, kwa sababu najua kinachowatia hofu baadhi yenu ni hicho: tukiandika kila kitu, yataonekana na mabaya. Kweli yataonekana. UConn walizuiwa kucheza mashindano ya taifa ya 2013 kwa sababu wachezaji wao hawakuwa wanafanya vizuri darasani. Kule kuna alama maalumu za masomo, timu ikishuka chini ya kiwango inafungiwa, hata kama miaka miwili iliyopita ilikuwa bingwa. Calhoun mwenyewe alisimamishwa mechi tatu kwa makosa ya usajili yaliyofichuliwa katika msimu uleule wa Hashim. Ollie, yule wa kombe la 2014, alifukuzwa mwaka 2018 baada ya msimu wa ushindi 14 na vipigo 18. Wakakataa kumlipa, wakabishana miaka, na mwaka 2022 msuluhishi akaamuru chuo kimlipe zaidi ya dola milioni 11. Hata mshahara wa kocha ulianikwa hadharani: Februari 2009, jimbo likiwa na upungufu wa fedha, mtu mmoja alimuuliza Calhoun mbele ya kamera kwa nini yeye mtumishi wa umma anachukua dola milioni 1.6, naye akafoka kwamba harudishi hata senti. Waliokuwa wanampenda walikasirika, waliokuwa hawampendi walifurahi, lakini namba ilijulikana. Hapa kwetu posho ya nauli ya timu ni siri kubwa kuliko za serikali.

Na baada ya aibu hizo walirudi. Dan Hurley akaja 2018, mwaka 2020 wakarejea Big East. Kuanzia mkesha wa mwaka mpya wa 2023 walifungwa mechi sita kati ya nane, mashabiki wakaanza maneno. Aprili wakawa mabingwa. Mchezaji bora wa fainali zile alikuwa Adama Sanogo, kijana wa Bamako, Mali, naye sehemu ya mwisho ya mashindano yale aliicheza akiwa amefunga Ramadhani. Fainali na San Diego State ilichezwa Houston baada ya magharibi; alifuturu, akavaa jezi, akapata pointi 17 na ribaundi 10. Kwetu ilikuwa saa kumi alfajiri na ushei, nyumba nzima tuko macho kwa ajili ya daku, mke wangu anachemsha uji huku ananiuliza huyu naye kala nini. Mwaka uliofuata, Ramadhani tena, daku tena, wakawafunga Purdue 75 kwa 60, ingawa Zach Edey aliwatwanga pointi 37 peke yake. Msimu huo walishinda 37 wakafungwa 3. Mechi sita za mashindano walizishinda kwa jumla ya tofauti ya pointi 140, na kwenye mojawapo, dhidi ya Illinois, walipachika pointi 30 mfululizo huku wenzao hawajapata hata moja. Mwanangu aliiona fainali ile pamoja nami. Ndipo akaniuliza ya kwetu.

Nikaenda kutafuta. Sitataja chuo, kwa kuwa najua vyuo vingine havina tofauti. Nilipokewa vizuri, nikawekewa kiti. Ofisi ya michezo ilihamishwa jengo, nikaambiwa, na mafaili yalibebwa na vijana wa kazi kwa mkokoteni. Nikapelekwa stoo. Mzee wa stoo, mtu mwungwana, alinionyesha kabati la vioo lenye vikombe na kuniambia ufunguo haupo tangu yeye ajiriwe. Nikachungulia. Cha kwetu nadhani nilikiona, kile chenye mkono mmoja uliokatika, lakini kibandiko cha maandishi kimebabuka, limebaki neno "MSHINDI" na nusu ya namba. Chini ya kabati palikuwa na maboksi mawili. La kwanza lilikuwa na vizibao vya mazoezi, vimeshikana kwa ukungu. La pili lilikuwa na filimbi, nyavu kuukuu na daftari moja la kurasa 200. Moyo ukanipiga. Nikalifungua: orodha ya waliochukua soda.

Mngeniambia ni mambo ya wazee kukumbuka ujana, ningekubali nikanyamaza. Lakini miaka michache iliyopita tulikuwa na kijana hapa, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, futi 6 na inchi 9, mkono laini wa kutupia, na akili ya mchezo ambayo haifundishiki. Nikamsaidia kuandika barua pepe kwa makocha wa vyuo vidogo vya Marekani. Mmoja akajibu, kwa adabu, siku ya pili yake tu. Hakuuliza habari za urefu, tulikuwa tumeshamwambia. Aliuliza wastani wa pointi na ribaundi kwa mechi za msimu uliopita, asilimia ya mitupo huru, na kama kuna video ya mechi mbili nzima. Tukatazamana. Msimu uliopita kijana alikuwa amecheza mechi nyingi, mimi mwenyewe nilikaa mezani katika kadhaa, nikaandika, nikasaini, nikazikabidhi. Nikapiga simu kwa niliyemkabidhi. Akasema alimkabidhi mwingine. Mwingine alikuwa safarini. Mwishowe nikaandika kwa mkono wangu kwamba kijana ni mchezaji mzuri sana na ana nidhamu. Kocha yule hakujibu tena, na simlaumu. Barua za namna hiyo lazima anazo mia. Kijana siku hizi yuko bandarini, anahesabu makontena. Ana rekodi nzuri sana za makontena.

Ninachoomba hakihitaji mfadhili. Wengi wenu mnaijua karatasi ya mechi ya FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, mmeisaini mara nyingi: halisi moja na nakala tatu, kila moja na rangi yake. Nyeupe inakwenda juu, bluu inabaki kwa mwandaaji wa mashindano, ya waridi anapewa aliyeshinda, ya njano aliyefungwa. Aliyeibuni alijua binadamu tulivyo: alitaka hata mshindwa aondoke na ushahidi mkononi. Kwenye mashindano yetu ya vyuo mara nyingi tunatumia daftari, na karatasi yenyewe ikipatikana, ile bluu ndiyo inayopotea. Kwa hiyo kwanza nunueni karatasi. Kisha mteueni mtu mmoja kwa jina, si kamati, ambaye kila mechi ya vyuo ikiisha anapokea nakala yake na kuipiga picha kwa simu kabla haijatoka uwanjani. Picha hiyo iwekwe mahali ambapo mchezaji, mzazi au kocha wa kokote anaweza kuiona bila kumwomba mtu ruhusa. Tukiandika na vipigo 19, viachwe. Tukisusa mechi, iandikwe nani alisusa.

Naomba pia mtangaze, kwa miezi sita hivi, kwamba yeyote mwenye karatasi ya zamani ailete ipigwe picha arudishiwe. Zipo. Watu wamezitia kwenye Biblia na misahafu, kwenye albamu za harusi, chini ya magodoro. Nimeshaanza mwenyewe kwa kuuliza jamaa wa viwanjani na nimepata tatu, moja ina doa la chai juu ya jina la mwamuzi. Faili la kuzihifadhi nimelinunua. Jumamosi nitakuwa mezani kama kawaida, mechi ya kwanza saa tatu asubuhi, na yeyote atakayetumwa na ninyi nitamkabidhi hizo tatu na nyingine zote nilizoandika mwaka huu, maana nimeanza kujiwekea nakala.

Ya fainali yetu ilikuwa karatasi ya rangi nne, hilo nalikumbuka, kwa sababu kepteni wetu alilalamika kuwa ya waridi ni ya kike na akamwachia meneja, na meneja amefariki. Juzi usiku yule rafiki yangu wa upande wa pili alinipigia simu kutoka Tanga. Amekwenda kumtazama mama yake, na kuna sanduku la bati ambalo halijafunguliwa tangu alipomaliza chuo. Anasema juu kabisa ipo jezi yake, na ndani ya jezi kuna karatasi iliyokunjwa mara nne. Nilimwambia asiikunjue, asije akaichana. Hakuniambia ni ya rangi gani, nami sikuuliza.

Wenu,
Mkaa mezani, aliyevaa jezi namba 7
Dar es Salaam